Huduma ya pingamizi za ujenzi kwenye halmashauri za England: ni bure na ya wazi, ila haihesabu vichwa

Mtu akiomba kibali cha kujenga nyumba kwenye shamba lililo pembeni ya kijiji, halmashauri huweka ombi lake kwenye tovuti pamoja na michoro na ripoti zake, na yeyote anaweza kuandika maoni bila kulipa hata senti. Hapa tunaipima huduma hiyo kwa England peke yake, kwa kuwa Scotland na Wales zina taratibu zao, na tunaipima pale inapotumika kwa jazba kuliko kwingine kote: ardhi ya ukanda wa kijani, yaani ile inayozunguka miji na kulindwa isijengwe ovyo, ambayo ni kama asilimia 12 na nusu ya nchi. Si lazima uwe raia, wala uwe na nyumba yako. Mpangaji aliyefika juzi kutoka Mombasa anaandika kwenye fomu ileile anayoandikia mwenye mababu waliozikwa nyuma ya kanisa la kijiji.

Kwa uwazi, huduma hii ina wenzake wachache. Kwa matokeo, kila kitu kinategemea umeandika nini, na hapo ndipo vijiji vingi hupoteza nguvu bure. Afisa mipango hupima hoja. Barua 300 zenye sentensi zilezile ni hoja moja iliyorudiwa mara 300, na orodha ya saini 500 huingizwa na halmashauri nyingi kama barua moja. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Tuanze na fomu. Tafuta namba ya ombi kwenye karatasi ya tangazo iliyobandikwa karibu na eneo, kisha uiingize kwenye tovuti. Muda wa kawaida wa maoni ni siku 21. Usiandike moja kwa moja ndani ya kisanduku: tovuti nyingi hukutoa ukikaa kimya muda mrefu, na maandishi hupotea. Andika pembeni, hifadhi, kisha nakili na kubandika. Kisanduku kikiwa kifupi, tuma barua pepe yenye namba ya ombi. Kwenye halmashauri nyingi jina na anwani yako huonekana hadharani, na barua isiyo na jina kwa kawaida haihesabiwi.

Kabla ya neno la kwanza, angalia kama ombi ni kamili au ni la awali. Ombi la awali huomba kukubaliwa kwa wazo tu, mara nyingi pamoja na njia ya kuingilia; mpangilio, ukubwa, sura ya nyumba na upandaji wa miti huachwa kwa ombi la baadaye. Watu huandika kurasa nzima kulalamikia matofali na madirisha ambayo hayajaombwa. Kwenye ombi la awali nguvu ielekezwe kwenye mambo mawili: je, ardhi hii inafaa kujengwa, na je, barabara inaingilika kwa usalama?

Sasa sehemu ambayo barua nyingi bado zimepitwa na wakati. Ukanda wa kijani una madhumuni matano: kuzuia mji mkubwa usitambae ovyo, kuzuia miji jirani isiungane, kulinda mashamba yasivamiwe, kuhifadhi mazingira ya miji ya kihistoria, na kusukuma ujenzi urudi kwenye ardhi chakavu ya mijini. Desemba 2024 sera ya taifa ya mipango ilileta kitu kipya, ukanda wa kijivu: ardhi iliyomo ndani ya ukanda wa kijani ambayo, iwe ilishajengwa zamani au la, haichangii kwa nguvu dhumuni la kwanza, la pili wala la nne. Februari 2025 mwongozo wa serikali ukaongeza kwamba madhumuni hayo matatu yanahusu miji, si vijiji. Kwa hiyo ile hoja pendwa, "kijiji chetu kitaungana na kijiji jirani", haiizuii tena ardhi kuitwa ya kijivu. Bado inaweza kutajwa chini ya mandhari, lakini ukiifanya nguzo ya barua, nguzo hiyo haishiki paa. Na dhumuni la tatu, la kulinda mashamba, halimo kwenye kipimo cha ukijivu kabisa. Kwa mwanakijiji hilo ni pigo, na kuliandika kama halijatokea hakusaidii.

Lakini milango haikufungwa yote. Ardhi haiwi ya kijivu ikiwa kuna sababu nzito ya kuinyima kibali kutokana na hatari ya mafuriko, majengo ya kihistoria yaliyolindwa, msitu wa kale au eneo la wanyama na mimea lenye ulinzi wa kisheria. Na hata ikiwa ya kijivu, ujenzi lazima uwe na haja iliyothibitishwa, uwe mahali panapofikika bila kutegemea gari, na utimize kile kinachoitwa kanuni za dhahabu. Sharti moja likianguka, ombi linarudi kwenye kipimo cha zamani cha hali za pekee sana, yaani kuthibitisha kwamba kuna sababu za kipekee zinazozidi madhara, ambacho ni kigumu kwa mwendelezaji, yule anayeomba kujenga.

Kanuni za dhahabu zinahusu miradi mikubwa ya makazi, yaani ya nyumba 10 na kuendelea au eneo la kuanzia nusu hekta, na hesabu yake kila mtu anaiweza. Mpaka halmashauri itakapoweka kiwango kipya kwenye mpango wake, nyumba za bei nafuu ziwe asilimia 15 zaidi ya kiwango cha juu kilichopo, mwisho asilimia 50. Kiwango kikiwa 30, mradi wa nyumba 80 unadaiwa asilimia 45, yaani nyumba 36. Ukiona ombi limeandika 24, umepata hoja ambayo afisa hawezi kuipita bila kuijibu. Mistari mitatu yenye hesabu hiyo ni bora kuliko kurasa tatu za uchungu.

Kuhusu haja, angalia ripoti ya halmashauri ya akiba ya ardhi ya makazi, inayosema ardhi iliyopo inatosha nyumba zinazohitajika kwa miaka mingapi. Ikiwa chini ya miaka 5, usipoteze muda kudai kwamba nyumba hazihitajiki. Kuhusu kufikika, ripoti ya usafiri ya mwombaji hupenda kupima umbali kwa mstari ulionyooka kwenye ramani. Pima kwa njia ya miguu. Mwongozo wa kitaifa wa barabara za makazi huchukua mita 800, kama dakika 10 za kutembea, kuwa umbali wa starehe kufika dukani au shuleni. Andika pia kama njia haina kibaraza cha waenda kwa miguu wala taa, na nakili ratiba ya basi, hasa basi la mwisho jioni na huduma ya Jumapili.

Barabara ndiyo hoja inayoandikwa zaidi na kuandikwa vibaya zaidi. "Foleni itaongezeka" haitoshi, kwa kuwa sera inataka usalama uathirike kwa kiwango kisichokubalika, au athari kwa mtandao wa barabara iwe kali. Kwa hiyo nenda kwenye mchoro wa njia ya kuingilia. Magari yakienda maili 30 kwa saa, dereva aliyesimama mita 2.4 nyuma ya ukingo wa barabara anapaswa kuona mita 43 kila upande. Kasi inayotumika ni iliyopimwa, ile ambayo magari 85 kati ya 100 hayaizidi, si ile ya kibao. Kosa la kawaida: eneo linalopaswa kubaki wazi ili dereva aone linapita juu ya ua wa miti wa jirani. Kama ardhi hiyo si ya mwombaji wala si ya mamlaka ya barabara, hakuna atakayehakikisha ua huo unakatwa. Angalia pia tarehe ya kuhesabu magari. Hesabu ya Agosti, shule zikiwa zimefungwa, haina maana.

Kwa mafuriko, ramani ya kanda za mafuriko inaonyesha mito na bahari tu. Maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi yana ramani yake, na wengi hawaifungui. Ambatanisha picha zenye tarehe, mahali zilipopigwa na mwelekeo wa maji. Shule na zahanati zilizojaa zitaje kwa ufupi. Jibu la kawaida ni mkataba wa mchango wa fedha, na suala linafungwa. Bei ya nyumba yako kushuka, mandhari ya dirishani kupotea, kelele za mafundi na tamaa ya mwendelezaji havina uzito wowote. Maneno ya ubaguzi dhidi ya watakaohamia hutupwa.

Mkutano wa kamati ya madiwani inayoamua maombi ni sehemu dhaifu ya huduma. Maombi mengi huamuliwa na maafisa bila kufika huko; mwombe diwani wako aliite ombi mbele ya kamati mapema, kwa kuwa halmashauri nyingi huweka mwisho wa kufanya hivyo. Likifika, mara nyingi unapewa dakika 3 za kuzungumza. Chagua hoja mbili.

Kasoro kubwa kuliko zote iko mwishoni. Kibali kikinyimwa, mwombaji ana miezi 6 ya kukata rufaa kwa mkaguzi wa serikali. Kibali kikitolewa, mpingaji hana rufaa. Kilichobaki ni mahakama kuu, ndani ya wiki 6, na mahakama huangalia kama sheria ilifuatwa, haiangalii kama uamuzi ulikuwa mzuri. Kwa kesi za mazingira, gharama za upande wa pili unazoweza kulipishwa kwa kawaida zina kikomo cha pauni 5,000 kwa mtu mmoja na 10,000 kwa kikundi, mbali na wakili wako. Ndiyo maana baraza la kijiji likimwajiri mtaalamu wa mipango, amwajiri ndani ya zile siku 21 za mwanzo, na barua iandikwe kana kwamba msomaji wake ni yule mkaguzi: mwombaji akikata rufaa, barua yako ya kwanza hupelekwa kwake pamoja na jalada.