Uzoefu wangu katika Ukumbi wa Duncan, kasri la Glamis

Anayekwenda kasri la Glamis, eneo la Angus nchini Uskoti, akitarajia ukumbi mpana wa kifalme atashangaa kidogo atakapofika Ukumbi wa Duncan, kwa kuwa chumba hiki, kinachohesabiwa kuwa miongoni mwa sehemu kongwe kabisa za jengo, ni cha mawe matupu yenye kuta nene na mwanga hafifu. Binafsi nilikipenda kuliko sebule za ghorofani zenye mapambo mengi.

Masimulizi yanadai kwamba humu ndimo Macbeth, mtawala wa Uskoti wa karne ya kumi na moja, alimomuua Mfalme Duncan aliyemtangulia. Si kweli, na naona ziara inanoga zaidi mtu akilijua hilo kabla ya kuingia. Duncan aliuawa mwaka 1040 karibu na Elgin, kaskazini zaidi, na hata Shakespeare, ambaye katika tamthilia yake ya Macbeth anamtambulisha Macbeth kama bwana wa Glamis, aliyaweka mauaji hayo Inverness. Mfalme anayehusika na Glamis kwa haki ni Malcolm wa Pili, babu yake Duncan, aliyefia hapa mwaka 1034, karne nyingi kabla ya kasri la sasa kujengwa.

Zipo pia hadithi za Earl Beardie, bwana mmoja wa kale wa Uskoti anayesemekana kucheza karata na shetani katika chumba kilichozibwa, na za wageni waliotundika taulo kwenye kila dirisha ili wakigundue chumba hicho. Zinachekesha, basi.

Kisa kilichonigusa ni cha Janet Douglas, mke wa bwana wa Glamis, kwa sababu hicho kilitokea. Mfalme James wa Tano aliichukia mno familia ya Douglas, iliyomweka chini ya ulinzi alipokuwa kijana, na mwaka 1537 mwanamke huyo alishtakiwa kwa njama ya kumwekea mfalme sumu, akachomwa moto akiwa hai mjini Edinburgh, kisha mfalme akalichukua kasri na kufanya baraza lake humo. Watu humsimulia kama mchawi au kama mzuka wa kanisa dogo la kasri, ilhali kosa lake kubwa lilikuwa ukoo aliozaliwa.

Ziara hii naipendekeza kwa mpenzi wa historia au wa tamthilia. Mwenye watoto wadogo huenda akafaidi zaidi bustani, ambazo ni kubwa na zinapendeza.