Kamera mbili zimekufa mezani kwangu, moja tu ndiyo inaenda kwa fundi

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo sina boksi jipya la kufungua, nina maiti mbili. Hii ya kushoto ni Canon EOS 6D, yangu mwenyewe, imeanguka. Hii ya kulia ni Nikon D3200 ya binamu yangu, imekunywa maji ya bahari. Zote mbili ni toleo la mwaka 2012, zote tulizinunua zikiwa zimeshatumika, na kila anayeziona ananiambia neno lilelile: achana nazo, tafuta nyingine. Kwa moja wako sahihi.

Tuanze na yangu maana bado inaniuma. Jumamosi, sendofu, ukumbi umejaa. Nimeifunga kwenye stendi nirekodi bibi harusi anavyoingia, mtoto anapita anakimbiza puto, mguu ukanasa. Kamera ikashuka na pua, yaani lenzi ndiyo iliyotangulia chini. Filta ya mbele ikawa unga. Mama yake mtoto akaja mbio, "Pole kaka, si inawaka lakini?" Inawaka, dada. Na hapo ndipo wengi tunapoponzwa, tukiona taa tunasema imepona.

Ilipowaka ikaandika Err 01. Kwa Canon maana yake bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, na lenzi hazisikilizani. Kabla hujamfuata fundi, futa hivi vidoti vya dhahabu vya nyuma ya lenzi kwa kitambaa kikavu, wakati mwingine inaishia hapohapo. Yangu haikuishia hapo. Nikatoa ile lenzi iliyoanguka nayo, ya milimita 24-105, nikafunga hii ndogo ya milimita 50, maandishi yakaondoka. Kwa hiyo lenzi kubwa ina ugonjwa wake, hiyo nitaifanyia video nyingine nikishatulia. Ninachotaka kujua leo ni kama bodi imepona.

Sogeeni karibu muone. Ukutani nimetundika kanga, nimeinyoosha kabisa. Kamera iko kwenye stendi, inaitazama usoni, tundu la mwanga la lenzi nimelifungua sana, f/2.8. Napiga. Sasa naivuta picha. Katikati, maneno ya kanga yanasomeka vizuri, na msiniulize yanasema nini, kanga ni ya mama mkwe. Pindo la kushoto, nyuzi unaweza kuzihesabu. Nenda pindo la kulia. Uji mtupu. Lenzi ikifunguliwa namna hii kulegea kidogo pembeni ni kawaida, lakini huwa inalegea pande zote mbili, si upande mmoja. Nikaipindua kamera kichwa chini, nikapiga tena, na uji ukahamia pindo la kushoto la kanga. Kwa hiyo si ukuta wala kanga. Nikaazima lenzi ya rafiki yangu, mambo yaleyale. Basi si lenzi. Ni bodi.

Kilichotokea ni hiki. Hii pete ya chuma ambayo lenzi inajifunga, kwa Canon zinazotumia lenzi za aina ya EF kama hii inatakiwa ikae milimita 44 kutoka kwenye senso, kile kioo cha ndani kinachonasa picha, kila upande. Ikiinama kidogo tu, hata kwa unene wa karatasi, upande mmoja wa picha unapoteza fokasi. Kwa macho huoni kitu. Kwenye skrini ya nyuma pia huoni. Utaona siku mteja amechapisha picha kubwa ya ukutani na shangazi wa pembeni hana sura.

Fundi kaniambia laki mbili na themanini, anatoa pete kwenye kamera nyingine iliyokufa, anaifunga na kuinyoosha. Bodi ya 6D iliyotumika nimeulizia, ni laki tisa hadi milioni moja na kidogo. Sasa kuna ile kanuni mtaani, matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kamera, nunua. Kwa kanuni hiyo natengeneza, tumemaliza. Lakini mimi naona kanuni hiyo imepungukiwa, maana haiulizi kamera imebakiza umri gani wala kesho inaenda kufanya kazi gani.

Umri wa kamera hizi uko kwenye shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kujifunga kila ukipiga picha. Shata ya 6D imepimwa kwa picha 100,000. Nikon nyingi zinaandika idadi hiyo ndani ya picha yenyewe, unaisoma kwa programu ya bure. Canon nyingi haziandiki, inabidi kamera iunganishwe na kompyuta. Tumeunganisha: 163,000 na ushee. Hiyo 100,000 si tarehe ya kifo, zipo zinazopita laki mbili na zipo zinazokufa mapema. Ila ukishavuka hapo unatembea bila bima. Halafu 6D ina nafasi moja tu ya memori kadi. Kadi ikigoma, huna nakala. Na bibi harusi haingii ukumbini mara mbili.

Uamuzi wangu: naitengeneza, lakini harusi imestaafu. Itakaa studio kwa picha za pasipoti na za wauza viatu wa mtandaoni, kazi ambayo shata ikifa namwambia mteja "subiri dakika tano" na maisha yanaendelea. Harusi natafuta bodi nyingine, ya kadi mbili. Na sitabadilisha kampuni, kwa sababu mali yangu kubwa ni lenzi, bodi ni ya kupita. Hata zile Canon mpya za familia ya R zilizoanza 2018 zinapokea lenzi hizi za EF kwa adapta. Ukiona mtu anauza kila kitu kwa sababu bodi imeharibika, muulize amepiga hesabu ya lenzi?

Ukienda kununua iliyotumika, kitu kimoja tu: igeuze, tazama vichwa vya skrubu. Kamera za Kijapani skrubu zake zinafanana na zile za msalaba tulizozoea, lakini si zile, na bisibisi ya kawaida inazikwangua. Ukiona mng'ao wa mikwaruzo kwenye mfereji, imeshafunguliwa. Muuzaji atakuambia haijawahi kuguswa. Wewe rudisha taratibu mezani.

Haya, marehemu wa pili. Binamu aliiazimisha, ikaenda Kigamboni, wimbi likaja. Wakaitia kwenye mchele, siku tatu. Mchele wa Mbeya, safi. Ikawaka! Akanipigia anacheka. Ikafanya kazi kama wiki mbili, kisha flashi ikagoma, kisha vitufe, kisha kimya.

Maji yalikauka, chumvi ikabaki. Angalieni hapa kwenye mlango wa betri, hii rangi ya kijani. Hiyo ni shaba inaliwa, na kila mlipowasha mkidhani imepona umeme ulikuwa unaisaidia chumvi kula. Mchele hautoi chumvi. Unaacha vumbi lake tu, na hata kwa unyevu vile vipakiti vidogo vya kwenye maboksi ya viatu ni afadhali. La kufanya dakika ileile ni kutoa betri na kutokuwasha tena mpaka fundi aifungue.

Fundi kasema laki moja na nusu, atasafisha. Nafuu kuliko yangu, sivyo? Nimekataa. Pete ikinyooshwa imenyooka. Chumvi atasafisha anapopaona, na mwezi ujao inatokea chini ya kitu kingine. Na usijaribu mwenyewe kuifungua. Kamera yenye flashi ya kuinuka kama hii ina kapasita inayoshika volti 300 hivi hata betri ikiwa imetoka, inakurusha. Hii nampa fundi ang'oe skrini na vipande vya plastiki, basi.

Binamu, najua unaangalia. Betri ya akiba na chaja, zile zilizobaki nyumbani, ni nzima, nimekuwekea kwenye mfuko. Mchele tulishaupika.