Betri inakufa usiku: upime mwenyewe au umwite fundi umeme?

Gari la zamani likilala zima na asubuhi haliwaki, huenda kuna kitu kinanyonya umeme.

Mita ya kupimia umeme (multimeter) ni nafuu kuliko betri mpya. Chomeka waya mwekundu wa mita tundu la 10A, fungua waya wa nguzo hasi ya betri, unga mita kati ya nguzo hiyo na waya huo, subiri nusu saa. Ikizidi miliampia 50, chomoa fyuzi moja moja. (Usipige stata, utaunguza mita.) Mimi nilikuta 400, fyuzi ya redio ilipotoka, zikabaki 30.

Dayodi mbovu (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya altaneta, mashine inayochaji betri, fyuzi hizo haziionyeshi. Hapo fundi anashinda, ingawa wengine hukimbilia kukuuzia betri. Una muda? Pima. Gari ni la kazi alfajiri? Mpelekee fundi, usimame naye.