Nimelipa mara mbili kwa sababu ya mshale

Mwenye haraka asome hapa tu: matairi ni mazuri sana, lakini mkono ulioyafunga nusura uniue. Jina la duka siandiki. La kiwanda pia siandiki, kwa sababu kiwanda hakina kosa, kiliandika ubavuni kila kitu ambacho fundi anatakiwa kujua. Vipimo na bei mtatafuta wenyewe. Mimi nimekuja kwa ajili ya mshale, ule uliochorwa ubavuni mwa tairi kuonyesha linazunguka upande gani.

Gari langu ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1989. Viti viwili, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanasukuma, na uzito wake haufiki tani moja. Ilitoka Japani ikapitia Dar es Salaam, volanti kulia. Gari jepesi namna hii haliendi kwa nguvu ya injini, linaenda kwa tairi. Unachokisikia kwenye volanti ni tairi, unaposhika freni ni tairi. Kwa miaka nilitembea na matairi magumu ya kawaida, yale yanayodumu mpaka unayachoka, na kila kona nilikuwa naiomba ruhusa.

Basi nikaagiza ya kushika lami, ya mpira laini, kutoka Afrika Kusini. Lori likakwama kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, nami nikawa nahesabu siku kama mtu anayengoja mgonjwa wake atoke hospitali. Yalipofika nilikagua zile tarakimu nne za mwisho za DOT, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Yalikuwa mapya kabisa. Nikasema sasa niyapeleke mahali penye mashine, sitaki vyuma vya kwado, yule fundi wa matairi wa kando ya barabara, vikwaruze janti zangu. Ndilo kosa langu la pekee katika habari hii, na bado linaniuma, kwa sababu kwado wa kona yetu angeniuliza maswali kabla ya kugusa kitu.

Duka lina vigae, lina kiti cha kungojea, lina mashine mbili. Nilimwambia kijana, taratibu, mkono wangu ukiwa juu ya tairi: haya yana upande, angalia mshale. Akaitika, «Ndiyo papa.» Nikakaa, nikalipa dola 25, nikaondoka na furaha.

Na furaha ilikuwa ya kweli, siwezi kuificha. Jumapili iliyofuata nilitoka asubuhi hapa Lubumbashi kwenye barabara ya Likasi, kabla malori ya shaba hayajajaa. Lami kavu, jua limeanza kupasha. Baada ya dakika kama kumi mpira ukapata moto, na gari likawa gari jingine. Volanti ikawa nzito kidogo, lakini inazungumza. Kona ambayo zamani ningeachia mafuta nilipita bila kuhangaika. Nilicheka peke yangu ndani ya gari kama mtoto. Zile kilomita 120 mpaka Likasi sikutaka ziishe. Ningeandika maoni haya siku ile, mngesoma sifa tupu.

Lami kavu ilinificha ukweli.

Halafu mvua zikaanza. Jioni moja, karibu na Noeli, nilikuwa naenda upande wa Kasapa na mama watoto. Mvua ilikuwa imepungua, ila maji yalikuwa yamelala barabarani. Sikukimbia. Ghafla volanti ikawa nyepesi, haina kitu chini yake, na gari likaanza kuvutwa kushoto polepole, kushoto, kuelekea mtaro. Niliachia mafuta, sikugusa freni, nikangoja. Mama watoto hakupiga kelele, alinishika mkono tu. Tairi zikapata ardhi tena mita chache kabla ya mtaro. Tulifika nyumbani bila kusema neno.

Usiku ule nilijilaumu. Nilisema ni gari jepesi, tairi pana, michirizi mifupi, lazima litaelea juu ya maji haraka kuliko gari la jeep la jirani. Na hilo ni kweli, ninalisema hata sasa nikiwa na hasira: tairi hizi si za maji yaliyolala, hata zikifungwa vizuri. Lakini mbona kushoto tu?

Kesho yake nilikuwa naosha ule udongo mwekundu unaoganda ubavuni. Upande wa kulia, mishale miwili inatazama mbele. Nikazunguka kushoto. Mishale miwili inatazama nyuma. Nilichuchumaa pale na ndoo mkononi mpaka maji yakapoa. Alifunga matairi yote manne kwenye janti kwa namna moja, kana kwamba gari lina upande mmoja! Ile michirizi ya umbo la V imechorwa itupe maji pembeni. Ukiigeuza, inayakusanya katikati, chini ya tairi, pale pale unapohitaji mpira uguse lami.

Na juu ya mshale kumeandikwa ROTATION. Neno hilo si Kiingereza peke yake. Ni Kifaransa pia, limeandikwa hivyo hivyo herufi kwa herufi, katika mji ambao sote tumesoma shule kwa Kifaransa. Hakuna mtu katika duka lile asiyejua maana yake.

Nilirudi nikiwa mpole, naapa. Nilimwonyesha mwenye duka. Hakuinama kuangalia. Akasema, akiwa anabonyeza simu yake:

«Papa, ile mushale ni mapambo ya kiwanda. Gari inatembea, ao haitembei?»

Nikamwambia habari ya Kasapa, nikamwambia mke wangu alikuwa ndani. Akainua uso, akaitazama Mazda yangu, kisha mimi:

«Na weye unaendaka wapi na hii kigari ya batoto? Kama unataka tugeuze, ni kazi mupya. Kazi inalipwa. Kama hautaki, beba mapine yako uende.»

Mimi ni mtu mzima, nina mvi. Kijana wake alikuwa amesimama nyuma, macho chini. Baadaye, wakati anafungua buloni, aliniambia kwa sauti ndogo: «Unisamehe papa. Niliona mushale. Patron alisema tufanye mbio, kulikuwa gari ingine nyuma.» Yule kijana simlaumu. Aliona, na kuona kwake kukanyamazishwa.

Nikalipa dola 20 nyingine. Tairi mbili za kushoto zikatolewa kwenye janti, zikageuzwa, zikasawazishwa tena uzito kwenye mashine. Nililipa kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na sikutaka kuendesha vile hata kilomita moja zaidi.

Tangu siku ile gari linakwenda sawa kwenye maji, ukienda kwa adabu. Asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba, joto likishuka chini ya nyuzi 10, mpira unakuwa mgumu kama ubao mpaka upate moto. Kwenye vumbi hayashiki kitu, na yanaokota vijiwe vyote na kuvipiga chini ya mwili wa gari. Tena yanaisha upesi, ninaona kwa macho. Wiki iliyopita nilimwambia mdogo wangu asinunue, ni pesa ya kupoteza katika mji huu wa mashimo. Juzi nikapita tena ile barabara ya Likasi, nikampigia simu nikamwambia anunue. Leo, ninavyoandika, sijui nimwambie nini, maana kila nikikumbuka ule mtaro naona mkono wa mama watoto juu ya wangu.

Fakitire ya pili, ile karatasi ya malipo, ninayo kwenye gari. Niliomba waandike kwamba walikosea. Nilipofika nyumbani ndipo nikaisoma vizuri: «Kugeuza tairi 2, kwa ombi la mteja.»

Kwa ombi la mteja! Jumatatu narudi nayo.