Sprite Alpine kuukuu kwenye chumvi ya Mtwara

Kila tukiivuta karavani yetu, kile kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, lazima mtu atusimamishe, iwe sheli, iwe Mikindani pale barabara inapoinamia bahari. Maswali ni yale yale: mmeipata wapi, inafaa kwa watoto, inasumbua? Naandika mara moja ili siku nyingine nimtumie muulizaji haya, nirudi kwenye cherehani yangu. Mimi ni fundi wa nguo hapa Mtwara mjini, magari siyajui, ila nyumbani kwetu karavani ni mali yangu. Baba watoto anaendesha tu.

Ni Sprite Alpine ya miaka ya 1970. Hizi zilikuwa zikitengenezwa Newmarket, Uingereza, na kampuni ya Sam Alper, ambaye alizilenga familia za kipato cha kawaida: karavani nyepesi, isiyo na mbwembwe, inayovutwa hata na gari dogo. Ukilijua hilo huishangai unapoifungua. Fremu ni mbao nyembamba, nje bati la alumini, ndani hadibodi, na kila kabati limetengenezwa kwa mbao chache iwezekanavyo. Ikiwa tupu haifiki tani moja, kwa hiyo Hilux yetu ya zamani haihangaiki nayo. Tulinunua kwa mgeni aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, naye aliivuta kutoka Zambia. Bei ilikuwa kama ya bodaboda mbili mpya, na matengenezo yakala karibu bodaboda ya tatu.

Kwa kulala, inasemekana ni ya watu wanne. Meza ya kulia inashushwa, mito inapangwa juu yake, unapata kitanda kipana. Upande wa pili kuna kochi refu. Sisi na watoto na mama mkwe hatutoshi humo hata kwa kubanana. Utaratibu ulijipanga wenyewe siku ya kwanza, mama mkwe alipochungulia turubai nililolitandaza nje akasema, "Mkwe wangu, mimi huko silali, kaa watanitembelea usoni." Kitanda kipana kikawa chake na kitinda mimba. Wengine tunalala nje chini ya turubai na vyandarua, na watoto hawataki kusikia habari nyingine.

Sasa niseme kubwa lao, maana mengine yote yanarekebishika kwa pesa kidogo: maji ya mvua.

Bati la ukuta na bati la paa zinakutana kwenye kona, na mshono huo umefunikwa kwa ukanda mrefu wa alumini uliopigwa skrubu. Chini ya ukanda kuna mastiki, na hiyo ndiyo inayozuia maji. Mastiki ikiwa laini mambo ni shwari. Ikishazeeka inakauka, inasinyaa, na kila tundu la skrubu linakuwa mlango. Maji yakiingia huyaoni, kwa sababu yanateremka nyuma ya hadibodi na kuilowesha fremu. Ukuta unapoanza kuvimba kwa ndani, mbao za nyuma yake zimeshaoza siku nyingi. Na huku kwetu kuna chumvi. Skrubu ya chuma ndani ya alumini, ukiongeza upepo wa bahari, vinalana vyenyewe kwa vyenyewe: skrubu inashika kutu na alumini inayoizunguka inageuka unga mweupe.

Fundi wa kwanza tuliyempa kazi, ambaye jina lake silitaji, alikuwa mtu wa madirisha ya alumini. Alizunguka karavani nzima na bunduki ya silikoni, akapaka kwa nje juu ya kanda zote, ikapendeza. Mvua ya kwanza maji yakaingia vilevile kwa pembeni, na safari hii hayakuwa na pa kutokea. Ubaya wa silikoni ni kwamba ukishaipaka, kitu kingine hakishiki juu yake mpaka uikwangue yote. Kuikwangua kulinitoa kucha.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja fundi wa mashua wa Mikindani. Hakuwahi kugusa karavani maishani mwake, lakini kukalafati, yaani kuziba mianya ya mashua, anajua tangu utoto. Alipita kidole kwenye ile silikoni, akanitazama. "Mama, huyu aliyepaka hivi hajawahi kukaa chomboni." Akaanza kufungua ukanda wa kona ya nyuma. Skrubu tatu za kwanza zilikatika vichwa, ya nne ikatoka kwa vidole, haina meno. Ukanda ulipoachia, ile mastiki ya zamani ilianguka vipandevipande kama biskuti iliyopitwa na wakati, na nyuma yake ubao ulikuwa mweusi. Mzee alichomeka bisibisi, ikazama hadi kwenye mpini.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kanda zote zilitolewa. Alumini ikakwanguliwa mpaka ikang'aa, ikafutwa kwa spiriti. Kona ya nyuma iliwekewa mbao mpya. Mzee alitaka mvule, nikamkatalia kwa sababu ya uzito, tukatumia paini ya Mafinga iliyotiwa dawa. Badala ya silikoni tuliweka utepe wa butili, aina ya mpira unaonata na kukaa laini miaka mingi. Nilikosa madukani hapa, nikaagiza Dar ukaja kwa basi. Skrubu mpya ni za chuma kisichoshika kutu, kila moja ikapakwa mastiki kabla ya kuingia. Mzee alizikaza mara mbili: mzunguko wa kwanza nusu, akaacha jua lilainishe utepe, kesho yake akamalizia. Utepe uliofinywa nje akaukata kwa kisu kilicholowekwa maji ya sabuni. Hata mimi niliyezoea kutazama mishono niliipenda ile kona.

Tangu hapo kila Septemba nazunguka na tochi na bisibisi. Septemba ina sababu zake. Mvua za msimu huku zinaanza Novemba au Desemba, lakini ukingoja Oktoba mafundi wote wako mikoroshoni, na mimi mwenyewe nakuwa nimefunikwa na vitambaa vya watu waliouza korosho. Raba za madirisha nilibadilisha kwa fundi wa vioo vya magari, yeye hakuona jambo la ajabu.

Upande wa chini ya karavani ni kazi ya baba watoto, nami nitasema kwa ufupi yale yaliyotugharimu. Tairi za karavani haziishi kwa kulika, zinakufa kwa jua. Kashata, yale meno ya tairi, ilikuwa nzima kabisa, lakini pembeni kulikuwa na nyufa. Tazama zile tarakimu nne za mwisho za DOT ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zetu zilikuwa na umri wa kwenda sekondari. Beringi usiogope, namba imechongwa juu yake, unaipeleka duka la spea na unapewa inayofanana. Kinachotakiwa ni kuifungua kila mwaka, kuiosha na kuipaka grisi upya, hasa ukiwa umeingia mchangani.

Kichwa cha kufungia karavani ni cha mpira wa milimita 50, yaani ile tufe ya chuma nyuma ya gari. Kuna bampa za kuvutia trela zilizofungwa mpira wa inchi 2, na kwa macho huwezi kuzitofautisha, lakini inchi 2 ni milimita 50.8, na kile kidogo kinatosha kuzuia kichwa kisijifunge sawasawa. Pima kwa vernia kabla hujaondoka. Breki yake inafanya kazi kwa kusukumwa: gari likipunguza mwendo, karavani inalisukuma kwa nyuma, na ule msukumo unavuta breki zake. Ni akili nzuri, ila ukitaka kurudi nyuma breki inashika pia, mpaka mtu ashuke ainue kilimi kidogo pale mbele. Mtu huyo ni mimi, siku zote.

Mizigo ikae katikati, juu ya ekseli. Madumu ya maji ukiyaweka nyuma kabisa mkia unaanza kucheza ukifika kilomita 80 kwa saa, na hapo hakuna dereva hodari. Matuta ya vijijini pita taratibu sana, maana miguu ya kona, ile ya kuisimamishia karavani ikiegeshwa, imekaa chini.

Nirudi kwangu, kwenye nguo. Sponji ya asili ilikuwa imeshakuwa unga wa njano. Nilinunua godoro la inchi 4 nikalikata kwa kisu cha mkate, sikuona haja ya kuagiza kitu. Mtu atakushauri reksini kwa sababu inafutika. Usikubali. Kwa joto la Februari reksini inashika mapaja ya watoto, wanalala wakilia. Nilitumia pamba nzito, foronya zote zina zipu zivuliwe zifuliwe, kwa sababu mchanga wa ufukwe wa Msimbati ukishaingia kwenye mshono hautoki kwa kukung'utwa. Mapazia nilianza na kitenge, jua likakila rangi upande mmoja. Sasa yana bitana nyeupe kwa nyuma.

Kitu ninachojivunia ni turubai la ubavuni. Sprite ina reli ya alumini ubavuni yenye mfereji, na turubai linaingia humo kwa kusukumwa kutoka pembeni. Turubai la kiwandani la karavani hii sikulipata popote. Nilichukua turubai la pamba, nikakunja ukingo, ndani ya pindo nikaweka kamba ya nailoni ya wavuvi ya milimita 6, nikashona kwa sindano namba 18 na uzi wa poliesta karibu kabisa na kamba. Uzi wa pamba unaoza. Kabla ya kulisukuma nasugua pindo kwa mshumaa, linateleza lenyewe. Kusi ikivuma, Juni na Julai, tunalitoa kila jioni. Hapo usijidai.

Gesi: mpira wote wa zamani tulitupa, tukaweka mpya na regulata mpya. Zile taa za gesi za ukutani zilizokuja nayo nimeziacha kama pambo, tunatumia taa za sola. Gesi ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, ndiyo maana sakafuni kuna matundu. Baba watoto alitaka kuyaziba mchwa na mchanga visiingie. Yamewekewa wavu, hayajazibwa. Kupika kwenyewe tunapikia nje kwa mkaa, humo ndani ni chai ya alfajiri tu. Maji ni dumu na pampu ya kukanyaga kwa mguu, watoto wanagombania kukanyaga.

Mahali pa kwenda. Msimbati ndiyo nyumbani kwetu kwa pili: unapita Madimba kwenye mitambo ya gesi, unashuka hadi ufukweni. Ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo kuna kiingilio, na samaki unanunua kwa wavuvi, huvui mwenyewe ovyo. Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi za gari hadi kama PSI 20, na uwe na pampu ya kurudishia. Ukitoka huko kabla ya kulala mwaga maji baridi, yasiyo na chumvi, chini ya karavani yote. Barabara ya Lindi ni zaidi ya kilomita 100 za lami, tamu kabisa, na Mingoyo mnashuka kunyoosha miguu na kununua ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha, ambayo watoto wanaimaliza kabla hatujafika. Kilwa Masoko tulipanga, Mei 2024 kimbunga Hidaya kikakata barabara upande huo, tukabaki. Barabara ya kupanda Rondo siipeleki karavani hii, kipando ni kikali na ule mtikisiko unalegeza kila skrubu ambayo mzee wa Mikindani aliikaza.

Kwa hiyo, ununue? Ukitafuta starehe ya kulala tu, lala gesti, ni nafuu na hakuna cha kukwangua. Ukiwa na watoto wanaopenda bahari, mahali pa kuiegesha chini ya paa la mabati au makuti, na mikono isiyoona tabu, mimi naipa alama nzuri sana. Ya bila paa sipendekezi hata ukipewa bure. Siku ya kwenda kuitazama, nenda asubuhi baada ya mvua, fungua makabati ya chini ya viti, nusa. Bonyeza hadibodi kwa dole gumba chini ya kila dirisha. Nikikuta imepakwa rangi mpya ndani tu, nje ikaachwa, mimi narudi na pesa yangu.

Kinachoninyima raha mpaka leo ni kioo kikubwa cha mbele. Kimejipinda kidogo, mafundi wa hapa wanakata vioo bapa, na kokoto moja ya lori inatosha. Kwa sasa tunatembea na kipande cha plaiwudi kilichokatwa kwa kipimo chake, pamoja na skrubu zake kwenye mfuko, chini ya godoro la mama mkwe. Analalamika kinambinya mgongo.