Msaada kwa Mhitaji: Mfuko wa Jumuiya au Mkono kwa Mkono?
Waumini wengi huulizana kama msaada upitie mfuko wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, yaani vikundi vya waumini wa mtaa mmoja, au utolewe mkono kwa mkono. Kwa wepesi, mkono kwa mkono hauna mpinzani: Msamaria katika mfano wa Yesu alimfunga majeruhi vidonda papo hapo, na kesho yake akamwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, bila kusubiri kikao.

Kwa usimamizi wa fedha, hata hivyo, mfuko hushinda. Mitume walitaka wachaguliwe watu 7 kwa ajili ya wajane waliosahauliwa katika mgawo wa kila siku, naye Paulo akausimamia mchango kwa ajili ya waumini maskini wa Yerusalemu pamoja na wajumbe wa makanisa, asije akalaumiwa. Mfuko pia humfikia mjane asiye na ujasiri wa kuomba, jambo ninalolithamini kuliko yote.

Kuhusu heshima ya mpokeaji, njia zote zaweza kujeruhi: jina lake likisomwa hadharani, au mtoaji akidai shukrani. Mwenye kipato kidogo cha uhakika atafaidisha wengi kupitia mfuko, lakini aliyegongewa mlango usiku kwa ajili ya mgonjwa asingoje Jumapili.