Kuzibua mabomba ya chuma yaliyozeeka: maoni yangu kuhusu mafundi waliopima kwanza

Kiwanda chetu cha barafu kipo karibu na Mwaloni wa Kirumba, jijini Mwanza, na maji ya kupoza mitambo tunayavuta ziwani kwa bomba la chuma la inchi 4 ambalo nililikuta nilipoajiriwa. Mwezi Machi presha ilishuka, kondensa, sehemu ya mtambo inayopozwa kwa maji hayo, ikawa inapata joto kupita kiasi kila ifikapo saa sita mchana, na mitumbwi ya sangara iendayo Ukerewe ikaanza kuondoka na nusu ya barafu iliyoagiza. Tulipofungua flanji moja, yaani kiungio cha bomba kinachofungwa kwa bolti, tulikuta vinundu vya kutu vimeota kuzunguka ukuta wote wa ndani, rangi ya chungwa kwa nje na vyeusi ukivivunja, huku mizizi ya magugu maji ikiwa imenasa katikati yake. Kipenyo cha bomba kikipungua hadi nusu, kusukuma kiasi kile kile cha maji hupoteza presha takriban mara 32 zaidi, kwa hiyo pampu kubwa tuliyokuwa tukiifikiria ingetuchomea umeme bure.

Miaka miwili kabla ya hapo, mafundi wengine walitumwagia tindikali ya haidrokloriki bila kuichanganya na dawa ya kulinda chuma. Kutu ililegea, lakini bomba nalo lililiwa, na wiki chache baadaye tulikuwa tukifunga vipande vya mpira juu ya matundu.

Ndiyo maana kundi la mafundi kutoka Nyakato tulilolileta safari hii lilinivutia tangu saa ya kwanza. Kabla ya kushusha mashine, kijana wao alipaka mafuta mazito juu ya bomba na kupitisha kifaa cha kupima unene kwa mawimbi ya sauti, juu, ubavuni na chini, akiandika kila namba kwa chaki palepale kwenye chuma. Bomba jipya la aina hiyo huwa na unene wa milimita 6 hivi. Ubavuni tulisoma 4.8, lakini chini, pale tope linapotuama na chuma kuliwa kimyakimya, kipande cha mita tisa kilisoma 1.7. Kiongozi wao aliniambia, "Mzee, hiki hatukisafishi. Kutu ndiyo iliyokishikilia." Walikikata, wakachomelea kipya, na sehemu nyingine wakaisafisha kwa maji ya presha kubwa, wakiingiza hozi taratibu kutoka flanji hadi flanji na kurudia kwenye kila kona. Wangeweza kunitoza fedha ya kusafisha laini nzima na kuniachia bomba lipasuke baada ya wao kuondoka. Hawakufanya hivyo, na uaminifu huo nauthamini kuliko mashine yao.

Walichelewa siku mbili, na ripoti ya vipimo niliipata baada ya kuidai mara tatu. Kosa lililoniudhi zaidi ni kwamba hawakuja na tangi la kutuamisha uchafu, na maji mekundu yalikuwa yameanza kuelekea kwenye mtaro unaoingia ziwani hadi tulipouziba kwa viroba vya mchanga. Maji hayo ndiyo tunayoyavuta tena kesho yake.

Presha imerudi, na barafu inatoka kwa kiwango cha zamani. Laini ya pili nimewapa wao, kwa sharti lililoandikwa kwenye mkataba kwamba tangi lifike kabla ya hozi.